Mmea Namba 214

Jioni, kabla ua halijafunguka, nalipasua kwa kucha,
naling'oa chavua yote,
kisha nalivika kipande cha mrija wa soda
nilichokata kwa mkasi wa kushonea.
Asubuhi naliletea mwenzake kutoka mstari wa tisa.
Ndivyo tunavyoozesha pamba hapa Kasapa:
bila ngoma, bila mahari,
karatasi moja shingoni, majina ya wazazi kwa penseli,
maana wino hulia mvua ikinyesha.

Profesa Mwilambwe anataka mengi kwa mkupuo:
mmea mfupi usiolala upepo ukija,
matumba mengi, tena makubwa,
nyuzi ndefu, tena nzito kwenye mizani.
Nampa daftari. Anakuna kidevu.
Matumba yakizidi idadi, yanasinyaa.
Uzi ukirefuka, mzigo unapungua:
hasi nukta sita moja, nimehesabu mara tatu,
mara ya tatu kwa mshumaa.
Jani lenye vinyweleo humfukuza mdudu,
na vinyweleo hivyo hivyo huchafua pamba nyeupe.
Ukivuta kamba hii, anakuja mbuzi wa jirani.

Mama alinitembelea Mei, wakati wa kuchuma.
Akasimama juu ya kichuguu, hakushuka shambani.
"Mimi pamba siigusi."
Nkambo Ngoie aliilima kule Kongolo kwa lazima,
kapita akipita na fimbo, akihesabu mashimo,
na siku ya mizani kilo zake zilikuwa chache daima
hata gunia likimshinda kichwani.
"Na wewe unalipwa kwa kuihesabu?"
Ndiyo, mama. Miezi mingine wananilipa.

Akanyamaza. Akatazama mikono yangu.
Nilikuwa nachuma kwa kushoto,
kidole gumba ndani, msokoto mmoja,
ganda linabaki tupu mtini.
"Nani kakufundisha hivyo?"
Hakuna.
Nkambo alizikwa kabla sijaota meno.

Profesa ana kanuni ya jambo hili.
Sehemu fulani ni damu,
sehemu fulani ni udongo, mvua, jirani aliyekuziba jua.
Kwa urefu wa mmea, shambani kwetu, damu ni saba katika kumi.
Kwa idadi ya matumba, tatu tu;
zilizobaki, muulize Mungu na mbolea.
Nimejaribu kuipigia hesabu nyumba yetu.
Pacha wangu Kabange alilelewa Kipushi kwa mjomba,
mimi Katuba, kwa mama.
Wote wawili tunaficha pesa kwenye kopo la chumvi.
Wote wawili tukikasirika tunafagia,
hata uwanja uliokwisha kufagiwa.
Na kwetu anayetoa sana ndiye anayefoka sana,
hutavuna mkono wake ukauacha mdomo.
Sijaona hata mmoja aliyeikata kamba hiyo.

Ukingoni mwa kizazi cha pili,
pale ambapo magari ya chuo hugeuzia,
mmea namba 214.
Nilichambua kwa mkono, nikapima:
uzi mrefu, mzigo mzito, vyote viwili.
Nikabadilisha betri ya mizani. Nikapima tena.
Nikaketi chini kwenye udongo mwekundu
na sketi yangu ya kwendea mjini.

Nilimwita mama. Safari hii alishuka.
Akashika tumba moja, akalivua kwa kushoto,
akavuta nyuzi taratibu kati ya vidole
hadi zikakatika,
akaiweka mbegu mdomoni kama anayeonja chumvi ya mboga,
akaitema kiganjani.
"Mizani yako," akauliza, "inasema kweli?"

Mmea mmoja si ushahidi.
Nimeandika pembeni: urudiwe.
Desemba, mvua ikishika, nitapanda mbegu zake thelathini na moja.
Hapana, thelathini.
Moja mama aliondoka nayo kwenye fundo la kitenge,
nami nikajifanya nahesabu.